Mzee Aliyeshushwa Darajani

Mpuguso,
17 Machi 2025

Mdogo wangu Sekela,

Ugonile huko kwenye joto lenu. Huku sote tumeamka isipokuwa mgongo wangu, ambao siku hizi huamka baada ya mimi kumaliza chai. Mvua haijui kukoma. Migomba miwili ya nyuma ya choo imelala chini, na ule wa tatu umeegemea choo chenyewe, sasa sijui nani anamshikilia mwenzake. Watoto wetu wako bwenini, wanaomba mablanketi. Ng'ombe hajambo. Baba hajambo. Wifi yako Generosa ndiye aliyenipa karatasi hii. Anasema mimi na wewe tukishika simu tunagombana kabla salamu hazijaisha, na kwamba kwenye barua mtu analazimika angalau azimalize. Basi nimezimaliza.

Sasa tuje kwenye tamthilia yako.

Jumamosi jioni sebule ilijaa mpaka nikakosa kiti kwenye nyumba niliyoijenga mwenyewe. Jirani yetu Obed alikuja na mkewe na kigoda chake, akamweleza kila aliyeingia kwamba wewe alikufahamu ukiwa bado unaiba mapera yake. Baba alikaa mbele, koti la kanisani na kofia. Generosa alikaa kwenye korido nyuma ya pazia, mahali ambapo anaiona televisheni na hamwoni Baba, wala Baba hamwoni yeye. Unawajua. Siku hizi hapa mtu na mkamwana wake wanapeana mikono kwenye ibada na hakuna anayeshtuka, lakini hawa wawili bado wanashika mwiko wa zamani, tangu nimwoe Generosa hawajatazamana usoni wala kusemezana neno moja. Kila nikijaribu kusema kwamba dunia imebadilika, wote wawili, kila mmoja kwa upande wake wa ukuta, wananichukulia kama mshamba.

Yalipokuja yale maandishi, *Jivu la Mwisho*, na chini yake *Imeandikwa na Sekela Andongwisye*, Obed alitaka yarudishwe nyuma ayasome tena. Nikamwambia televisheni si gari.

Nikuambie ukweli, mwanzo ule ulinikamata. Lile soko tupu, meza zote zimefunikwa jivu la volkano, na mizani moja bado inayumba. Halafu jani la mgomba linaelemewa polepole, linainama, jivu linamwagika, hakuna muziki, sauti ya jivu tu. Nilikuwa na chai mdomoni, nikasahau kuimeza. Kwa dakika kadhaa nilisahau hata kwamba mwandishi ni yule mtoto niliyemfundisha kufunga viatu.

Lakini mimi ni mwalimu wa jiografia na hunilipi kunyamaza. Jivu la unene ule lingeshusha paa zote, na paa zako zimesimama zote. Mama wa kwenye hadithi ametembea siku nzima kwenye dunia iliyokwisha na nyayo zake ni safi kuliko zangu za Jumapili. Na yule mzee wenu, mzee wa Rungwe, anakohoa kama mtu wa Tanga. Hakusema neno hata moja kwenye sehemu yote, na bado nimesikia kwamba ni mtu wa Tanga.

Halafu likaja lile jambo lenyewe. Watu wote wamekufa, wamebaki mkamwana na baba mkwe, na hata hapo hawasemezani. Anambeba mgongoni kwa kanga ili wasionane nyuso. Hapo nilisikia pazia la korido likitikisika. Wanafika darajani, mzee anamgonga begani kwa fimbo, mara mbili. Mama anamshusha, anamkalisha kwenye ukingo, anaondoka, hageuki. Giza. *Itaendelea.*

Obed akasema, "Kwa hiyo kamwacha."

Mkewe akasema, "Kamwacha, ndiyo."

 Pale kwenye fimbo nafikiri ulichanganya kidogo, mzee wa kuomba ashushwe angegonga mara moja. Baba akitaka kupita koridoni hugonga mwimo wa mlango mara moja, Generosa ampishe. Akishapita anagonga mara mbili, maana yake nimeshapita, endelea na mambo yako. Lakini uliondoka hapa mdogo, na wanaojua hilo duniani ni watu wanne, mmoja wao mtunzi, kwa hiyo hakuna atakayegundua.

Baba hakutoa maoni. Aliomba apewe kofia yake, nayo ilikuwa kichwani.

Jumamosi ijayo tunasubiri sehemu ya pili. Nimeshaagiza karanga.

Kaka yako,
Ambwene


Dar es Salaam,
4 Aprili 2025

Kaka Ambwene,

Shikamoo. Na Baba shikamoo nyingi, na wifi yangu nambusu mashavu yote mawili. Huku mvua zimeanza na barabara ya kwetu imegeuka mto, nimenunua mabuti ya mpira kama mkulima. Mimi mzima. Kazi zinakwenda vizuri, tuko mbioni kila siku.

Nimeisoma barua yako kwenye foleni ya benki, nikacheka hadi mlinzi akaja kuniuliza kama kuna tatizo. Kuhusu paa, lilikuwepo moja la kuanguka. Lilianguka kabla ya wakati, juu ya mpiga picha. Kuhusu nyayo nakubali. Mzee wetu kweli ni wa Tanga, na nilimkataza kusema ili usijue. Nimeshindwa.

Ila nimehesabu jambo moja. Umeniandikia kurasa nne, na hali ya Baba imepata maneno mawili, "Baba hajambo." Ng'ombe naye amepata mawili. Unasema hakutoa maoni, lakini nilitaka kujua Baba alionaje, si Obed. Nilipokuwa naandika sikumwandikia mtu mwingine. Nina umri huu wote, Kaka, sijawahi kujua kama Baba anaiona kazi yangu ni kazi. Nikasema nimwekee mbele nyumba yake mwenyewe, aone kwamba nilikuwa naangalia.

Fimbo sikuchanganya. Mara mbili ni "ningoje." Nakumbuka kabisa. Yule mzee anamwambia mkamwana amngoje, na mkamwana anaondoka. Hapo ndipo hadithi ilipo.

Sehemu ya pili imesogezwa mbele kidogo, mambo ya ratiba za kituo. Msinywe karanga zote. Na usiniulize kinachofuata, nimesaini mkataba, sitamki hata usingizini.

Mdogo wako,
Sekela


Mpuguso,
29 Aprili 2025

Mdogo wangu Sekela,

Kwanza karanga hazinywewi, huo ni mwanzo wa kuharibiwa na mji. Pili, habari za hapa ni nzuri na mbaya, nakupa nzuri kwanza ili upate pa kukaa. Mgomba ulioegemea choo bado umeegemea. Darasani kwangu mwanafunzi mmoja aliulizwa swali la volkano akajibu kwa kutumia tamthilia yako, nikampa nusu ya alama kwa heshima ya ukoo. Generosa amepona jino.

Kuna jambo nimekuficha tangu barua ya kwanza. Niliandika Baba hajambo kwa sababu kweli siku ile alikuwa hajambo, na yaliyofuata sikukuandikia kwa sababu nilidhani yatapita yenyewe.

Siku chache baada ya kuiona tamthilia, Baba alihama. Hakwenda mbali. Amehamia kwenye banda la kahawa, kule chini shambani, na godoro lake na Biblia na redio. Nilirudi kutoka shule nikakuta kiti chake kitupu. Nikamfuata, akaniambia anakwenda kulinda kahawa. Kahawa yenyewe bado ni ya kijani, Sekela. Mwizi wa kuiiba sasa hivi angekuwa mgonjwa wa kuhurumiwa.

Nikafikiri ni maneno ya watu. Maana maneno yapo. Wiki ile ile Generosa alikwenda sokoni, mwenye vitunguu akamwuliza, "Mama, mmeshafika darajani?" Generosa akacheka. Wa pili akamwuliza, "Mzee bado yuko mgongoni au umemtua?" Akacheka tena. Wa tatu sijui alimwuliza nini, kwa sababu alirudi bila kikapu. Nilikwenda kukichukua mimi, na vitunguu vilikuwa ndani.

Wanajua kwamba wewe ni wa nyumba hii, na kwamba hapa ndipo pekee bado mkwe na mkamwana wanaogopana hivyo. Kwa hiyo wanajua yule mama ni nani. Usinijibu kwamba ni tamthilia. Mimi najua. Waeleze wenye vitunguu.

Mchana mimi niko shule, kwa hiyo Generosa anateremka na chakula, anakiweka juu ya jiwe mbele ya banda, anakohoa, anaondoka. Sahani zinarudi. Mwanzoni zilirudi nusu. Sasa zinarudi kama zilivyokwenda, hata kawa halijaguswa. Kile ninachompelekea mimi jioni anakidokoa, ananiuliza habari za wanafunzi, ananirudishia.

Nakuomba kitu kimoja, na nitakuwa mpole kama nilivyo siku zote. Yule mama anarudi darajani, au harudi? Mkataba wako nauheshimu. Niambie mimi peke yangu. Nikienda kumwambia Baba kwamba kwenye sehemu ya pili mkamwana anarudi kumchukua mzee, nadhani atabeba godoro lake apande. Jumamosi zile tulizosubiri kituo kilituonyesha mapishi, halafu mapishi, halafu mieleka. Obed ameacha kuja.

Kaka yako,
Ambwene


Dar es Salaam,
21 Mei 2025

Kaka,

Shikamoo. Salamu kwa wote. Mimi mzima.

Barua yako ilikaa ofisi ya basi muda mrefu bila mimi kujua, samahani kwa kuchelewa. Hata hivyo na wewe ulichelewa. Baba amelala kwenye banda tangu Machi na mimi naambiwa mwishoni mwa Aprili, baada ya habari za mgomba na choo.

Siwezi kukuambia. Si kwamba sitaki. Siwezi. Naomba uniamini hapo bila kunichimba.

Na mwambie wifi kwamba yule si yeye. Yule ni mwanamke wa kwenye hadithi, nimempa kanga ya wifi na mwendo wa wifi kwa sababu sijui mwanamke mwingine anayetembea vizuri vile na mzigo. Nilidhani namheshimu. Mwambie hivyo, au usimwambie, ukiona itaharibu zaidi.

Kuja kwa sasa haiwezekani. Kazi ni nyingi. Mpikie Baba mbalaga, zile ndizi zetu za kupika, wewe mwenyewe, labda ni chakula tu.

Simu yangu inaweza isipatikane kwa muda, usishtuke.

Sekela


Mpuguso,
12 Juni 2025

Sekela,

Tumeamka. Ni baridi. Ukungu unaingia darasani, naandika ubaoni na wanafunzi wa nyuma wanauliza nimeandika nini. Hizo ndizo salamu, sina nyingine.

Nimepika mbalaga mwenyewe. Baba alionja, akaniuliza kwa upole kama ninaumwa.

Nimepiga simu yako. Nimepiga asubuhi, nimepiga saa za kazi, nimepiga kwa simu ya Obed nikidhani labda ni yangu unayoikimbia. Haipatikani. Kwa hiyo naandika, na kondakta wa basi amenihakikishia atakukabidhi mkononi hata kama itabidi agonge mlango wako. Nimemwelekeza kwako.

Baba amepungua. Mkanda wake nimeutoboa tundu jipya, halafu jingine. Anakohoa. Mganga wa zahanati aliteremka mpaka bandani, akamsikiliza kifua, akaniita pembeni kwenye miti ya kahawa. Akasema mapafu bado yanapigana, lakini mtu wa umri ule asipokula, na baridi hii, nisijidanganye. Nikamwomba Baba apande nyumbani. Akakataa. Juzi nikasema basi, nitambeba. Nikapiga goti mbele yake kwenye majani, nikamwambia, "Panda mgongoni, Baba." Akaniangalia mgongo huo kwa muda. Akasema, "Huu?"

Tulicheka wote wawili, akakohoa, nikamshika. Ni mwepesi, Sekela. Ningeweza kumbeba hata kwa mgongo huu. Alishika mwimo wa banda asibebwe.

Sasa sikiliza, kwa sababu hili nimelijua jana tu. Generosa aliniambia jikoni, amenipa kisogo, anamenya viazi. Siku Baba alipohama, mimi nikiwa shule, alisimama koridoni na godoro lake akagonga mwimo. Mara mbili. Halafu akatoka.

Nilimwambia, "Na hukuniambia miezi yote hii?"

Akasema, "Nikuambie nini? Kwamba baba yako ameniambia niendelee na mambo yangu?"

Nikateremka kwa Baba. Nikamwuliza bila kuzunguka kama amekasirishwa na tamthilia, kama ni kwa sababu yule mama alimwacha mzee. Alinishangaa kweli. "Nani kamwacha?" akasema. "Hukuona fimbo? Mzee ndiye aliyemwachia. Sekela ameliandika vizuri sana. Yule mtoto wa watu angebeba mpaka afie njiani, maana hawezi kumwambia mkwe wake kwamba amechoka. Hana ruhusa ya kusema naye. Mzee akamfungulia. Nilipoliona nikasema, mimi mbona sijafanya hivyo? Generosa amenipikia na kunikwepa ujana wake wote. Naye ana mgongo."

Umeelewa? Ulitaka kujua kama aliiona kazi yako. Aliiona. Aliiona kuliko sisi wote sebuleni, na akaifuata.

Na Generosa naye ameelewa kwa namna yake. Ameshusha begi kutoka juu ya kabati. Anasema kama mzee amempa ruhusa, basi aende kwao Igogwe, kuliko kuzunguka na sahani anazorudishiwa kama anapeleka sumu. Nimemwomba angoje jibu lako. Amesema atangoja mpaka mwisho wa mwezi, kwa sababu yako, si yangu.

Yule mama anarudi au harudi? Nivunjie huo mkataba. Wakikufunga nitakuletea karanga.

Ambwene


Dar es Salaam,
20 Juni 2025

Kaka yangu Ambwene,

Shikamoo. Kondakta alinikuta mlangoni nimeshika ndoo. Aliniambia, "Kaka yako amesema nisiondoke mpaka nikuone unafungua." Akasimama hapo nikiwa nasoma, mtu mzima, akanipa leso yake.

Hakuna sehemu ya pili.

Haipo kwenye ratiba, haipo kwenye mkataba, haipo kwenye mashine ya mtu yeyote. Tulirekodi ya kwanza kwa majaribio, ikaonyeshwa, wiki ile ile mdhamini akajitoa na kituo kikasema asante. Mkataba ulikwisha siku hiyo. Vifaa vilirudishwa. Tangu Aprili nahariri video za harusi kwenye chumba kimoja na fundi cherehani. Simu niliizima kwa sababu waigizaji wananiuliza kila siku tunaanza lini, na yule mzee wa Tanga ndiye anayeniuliza kwa adabu kuliko wote, sikuweza tena. Nilikuandikia kwamba mambo yanakwenda vizuri kwa sababu nilijua utamsomea Baba.

Kibaya zaidi, kama ingekuwepo, nisingejua cha kukujibu. Sikuwahi kuiandika. Kila nilipokaa niandike yule mama anageuka, kalamu ilikataa. Nilipoandika kwamba hageuki, nilijisikia mgonjwa. Nikawaambia wenzangu tuishie darajani, inavutia zaidi. Wote wakanisifu.

Na fimbo nilikosea. Maisha yangu yote nimeamini Baba alikuwa anamwambia wifi amngoje. Nilimwona mara nyingi, anagonga mbili, wifi anasimama bado kidogo nyuma ya mlango na beseni lake kabla ya kuendelea. Nikadhani ameambiwa asubiri. Sasa najua alishaambiwa aende, alikuwa anahakikisha tu kwamba mzee amefika kitini.

Nimeiandika sasa. Nimeandika siku mbili, nikamwambia fundi cherehani asinisemeshe. Zimo humu, karatasi sita. Yule mama anarudi. Msomee Baba. Mwambie ndivyo ilivyokuwa tangu mwanzo.

Nitafika wiki ya kwanza ya Julai, nikishakabidhi harusi mbili. Nikikuta nimechelewa sitajua pa kujiweka. Mwambie wifi anifungulie mlango hata kama ana begi mkononi.

Sekela


Mpuguso,
29 Juni 2025

Mdogo wangu Sekela,

Ugonile. Jua limetoka leo, dogo, kama mgeni asiyejua kama amealikwa. Mahindi yamekauka vizuri. Mgongo wangu unakushukuru kwa kuulizia, ingawa hukuulizia. Unakuja wiki hii, na bado nakuandikia, kwa sababu kondakta anaondoka sasa hivi na nataka uyajue haya kabla hujapanda basi. Vinginevyo utalia njia nzima na abiria wa watu.

Bahasha ilifika Ijumaa. Jana asubuhi niliteremka nayo bandani. Baba alikuwa amejifunika mablanketi yote, zimebaki kofia na pua. Nikamwambia sehemu ya pili imefika kwa maandishi. Akasema, "Vaa miwani, usinisomee ya kubuni."

Ukuta wa lile banda ni mianzi tu. Nilipoanza kusoma nikasikia mtu anafika upande wa pili, sahani inawekwa juu ya jiwe. Kikohozi kilichozoeleka kikatoka. Nyayo za kuondoka hazikutoka. Nikaendelea, kwa sauti kubwa zaidi kidogo.

Umeandika vizuri. Pale anapofika kisimani, anachota, anaona uso wake kwenye maji na jivu limeujaza, sauti yangu iliniponyoka kidogo. Halafu anarudi darajani. Anapiga magoti mbele ya mzee, anamtazama usoni kwa mara ya kwanza, anasema, "Baba."

Baba alitoa mkono nje ya blanketi. "Anamwita?"

"Ndiyo."

"Kwa mdomo?"

"Imeandikwa hivyo, Baba. Tangu mwanzo ndivyo ilivyokuwa."

Akaurudisha mkono ndani ya blanketi. Kisha akasema, bila hasira kabisa, "Hapana. Ile ya kwanza aliiona. Hii ananitungia. Mtoto mzuri. Zirudishe kwenye bahasha, zitalowa."

Akageukia ukutani. Nilikaa pale na karatasi zako magotini, na sikuwa na sehemu ya tatu.

Basi kukawa na kuku. Tetea wetu mwekundu, amemfuata Generosa kwa ajili ya chakula, nasikia anadonoa karibu na jiwe. Na nikasikia sauti ya mke wangu, nje ya mianzi, sauti anayoitumia anapomwambia mtu bei yake ya mwisho.

"We kuku. Una masikio? Mwambie mwenye nyumba hii, kwamba yule wa kwenye televisheni alikuwa amechoka. Mimi sijasema nimechoka. Nikichoka nitasema mwenyewe, mdomo ninao. Asinichokee yeye."

Kuku akadonoa. Baba alikuwa amefungua macho, hajageuka.

"Tena mwambie, mimi sikukaa kwake kwa kukosa ruhusa ya kuondoka. Kwetu Igogwe wananiita kila mwaka. Mwambie sahani hii ikirudi kama ilivyo, kesho nitapika nyingine, na kesho kutwa, na begi langu nitalikalia mimi mwenyewe nikimenya ndizi. Sasa aamue yeye kama anataka kunipumzisha au anataka kunizika kwa aibu."

Sikuthubutu hata kuvua miwani. Miaka yote ya ndoa yangu, huyo ndiye aliyekuwa haongei na mzee. 

Baba alisukuma mablanketi pembeni. Halafu akajiinua kwa kiwiko. Nilitaka kumsaidia akanizuia. Akanielekeza kwa kidevu nimletee sahani. Nikatoka kuichukua. Generosa alikuwa amesimama, amegeuza mgongo, kanga imefunika kichwa. Hakuniangalia. Nikaingia, nikafunua kawa: ndizi na maharage, bado zinatoa mvuke.

Baba alikula tonge moja. Alitafuna taratibu sana. Akala la pili, la tatu. Nikahesabu na matonge mengine halafu nikaacha kuhesabu, nikaona aibu. Sehemu kubwa ya sahani ilikwenda. Alipomaliza akajifuta mdomo na ncha ya blanketi, akasogea karibu na mianzi, na akamwambia yule kuku, polepole, kwa heshima anayoitumia kwa wazee wa kanisa:

"Mwambie, chumvi imezidi."

Nje kuku akaparura. Kisha sauti ya Generosa ikasema, nyembamba, inakatika:

"Kuku, mwambie kesho nitapunguza."

Nilibeba sahani kupanda nayo nyumbani. Nilipofika kwenye miti ya kahawa nikasimama, nikaonja kilichobaki. Chumvi ilikuwa sawasawa.

Kaka yako,
Ambwene